Kadi Mbili na Kanga za Upande wa Mama

Mimi na kaka yangu tuligombana siku kadhaa kwa sababu ya kadi mbili za picha za kompyuta. Yeye mpaka leo akisimulia husema tulijadiliana. Hatukujadiliana. Tuligombana, tukanuniana, chai tukawa tunakunywa kila mtu na kona yake, na mwisho nikashinda mimi. Nasema mapema ili msomaji asikae roho juu kwa ajili ya kaka yangu, maana hakustahili.

Ilikuwa Ruangwa, miaka ya elfu mbili na kitu, wakati watu wa kwetu walipokuwa wameshachoka na picha za mnato. Kila mwenye sherehe alitaka video. Sisi tumezaliwa Nachingwea, na kaka alikuwa na duka lake kulekule la kuchapa barua na kutoa fotokopi. Mimi nilihamia Ruangwa nikafungua studio karibu na soko, chumba kimoja chenye pazia la bluu na kompyuta moja tuliyoinunua kwa ubia. Kupiga video na kuzihariri ilikuwa kazi yangu. Kaka alikuwa anakuja mashine ikigoma, anaitengeneza, na anakaa siku mbili zaidi kunieleza mambo ambayo sikumuuliza.

Msimu mzuri wa biashara yetu ulikuwa baada ya mavuno, watoto wanapotoka jandoni. Hapo kijiji kizima kinahamia njiani. Vijana wanabebwa mabegani na nguo mpya, wanafunikwa miavuli, na wanawake wanacheza mbele na nyuma yao kwa sare za kanga. Sare huwa mbili, ya upande wa baba na ya upande wa mama. Mtu aliyesimama pembeni ya njia akitazama rangi anajua nani ameleta watu na nani hakuleta, na msidhani atakaa nayo moyoni. Ataisema mpaka msimu mwingine.

Siku moja akaja studio mwanamke kutoka Nanganga, umri wake haukuwa mbali na wangu, mtoto wake wa kwanza alikuwa karibu kutoka jandoni. Nilimtajia aina za kazi, akanikatiza kwa upole.

"Dada, mimi sitaki maua wala muziki mwingi," alisema. "Mimi kwetu ni ng'ambo ya Ruvuma. Nililetwa huku mdogo, wakati wa vita, wazazi wangu wakafia hukuhuku. Nimeolewa kwa Wamwera, nimezaa, nalima korosho na ufuta kama wenzangu. Lakini nikikosana na mtu kisimani, neno la kwanza ni hilo: wewe huna kwenu, umeokotwa."

Nikamuuliza na wakwe zake je.

"Mume wangu hana neno. Mama mkwe hasemi kitu. Ananyamaza tu. Na kile kimya chake mimi nakijua maana yake."

Akaniambia amempata kaka yake, waliyepotezana naye tangu utoto, na kwamba kaka huyo anavuka mto aje na shangazi na dada wachache kumtoa mpwa wake jandoni. Kwa desturi za kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo hilo halikuwa jambo dogo. Shida ilikuwa moja. Siku ya kutoka, mama wa mtoto anakaa ndani. Hatoki mpaka mtoto afikishwe mlangoni.

"Sitawaona wanavyopita njiani," alisema. "Na wa upande wa mume wangu watakuwa wengi, watajionea wao tu. Nataka kabla kaka yangu hajarudi kwao, wote wakae chumba kimoja, waione kanda, waone nami nina watu. Hicho tu, dada."

Nilimwambia kazi hiyo ameileta mahali pake. Sikuwa nampa moyo, nilikuwa namwambia ukweli. Wilaya nzima hapakuwa na mtu anayeshika kamera vizuri kuliko mimi, na wapo watakaobisha, wabishe.

Sare zilinunuliwa sokoni Ruangwa. Duka lilikuwa na kanga za kutosha za aina moja tu, mchoro mmoja na maneno mamoja, ila rangi mbalimbali. Upande wa baba wakachukua nyekundu, upande wa mama wakachukua kijani. Siku yenyewe nikaenda na kamera ya kukodi, nikawapiga tangu walipotokea porini mpaka uani. Vumbi, vigelegele, miavuli, nyekundu na kijani zikiingiana na kuachana. Mjomba alikuwa mtu mrefu, Kiswahili chake cha kubabaisha, akicheza kwa heshima kana kwamba yuko msikitini. Mtoto alipofikishwa mlangoni, mama yake akatoka, akamshika uso kwa mikono miwili. Nilifurahi sana na ile picha, na nilijua nimefanya kazi.

Nikazivuta picha zote kwenye kompyuta, kamera ikarudi kwa mwenyewe Lindi. Nikakata, nikaunga, nikaweka majina. Kilichobaki kilikuwa kutoa filamu kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye kanda, maana ile familia ilikuwa na deki ya kanda na mashine yetu haikuwa na uwezo wa kuchoma sidii. Hapo ndipo umeme ukaruka, na uliporudi ukarudi na hasira zake. Kompyuta iliwaka, kioo kikabaki cheusi. Kadi ya picha ilikuwa imeungua.

Kwa asiyejua, kadi ya picha ni kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta, juu ya ubao mkubwa, na kazi yake ni kuchora kila kinachoonekana kwenye kioo. Zile za wakati ule nyingine zilikuwa na tundu la kupeleka picha kwenye televisheni au deki. Bila hiyo kadi, filamu yangu ilikuwa ndani ya sanduku na hakuna mlango. Mjomba alikuwa amebakiza siku chache tu arudi kwao.

Nilimpigia kaka. Akasema nisihangaike, anayo kadi mpya aliyoinunua Dar es Salaam kwa ajili ya duka lake, kubwa, ya kisasa. Akaja nayo kwenye boksi lenye picha ya jitu limevaa chuma kuanzia kichwani mpaka miguuni. Aliliweka mezani akaligeuza ili jitu linitazame.

"Megabaiti mia na ishirini na nane," alisema.

Mimi nami nilikuwa na kadi. Ilikuwa ndani ya kompyuta mbovu ya ofisi niliyoinunua mnadani kwa sababu ya kasha lake. Haikuwa na boksi, haikuwa hata na feni, ina kipande cha bati la kijani cha kupozea joto, na memori yake ilikuwa megabaiti sitini na nne.

"Hicho chuma chakavu," kaka alisema. "Nusu ya yangu. Hesabu ya darasa la pili hiyo."

Sasa mimi kabla ya kamera nilifanya kazi misimu kadhaa kwenye ghala la korosho Nachingwea, na kule nilifundishwa jambo moja ambalo halijanitoka. Korosho haipangwi daraja kwa kutazama gunia. Unachota kutoka magunia mbalimbali, unachanganya, unapasua moja moja, unatazama kiini. Ganda linaweza kung'aa, ndani kuna wadudu. Nikamwambia kaka tutazipasua kadi zote mbili, kwa maana ya kuzijaribu kwa kazi ileile, kipande kilekile cha filamu, halafu tutaongea.

"Kadi si korosho," alisema.

"Na wewe si fundi wa kadi. Wewe ni msomaji wa maboksi."

Hapo ndipo kununiana kulipoanza rasmi.

Tulianza na yake, kwa heshima ya kunitangulia kuzaliwa. Haki yake nampa. Kwenye kioo cha kompyuta ilitoa picha safi, maandishi yamekaa vizuri, na kaka akanionyesha mchezo wa magari ambao kadi yangu isingeuweza hata kuufungua. Kadi yake ilijua mbinu mpya za kuchora mwanga na kivuli, yangu ilikuwa ya kizazi cha nyuma. Lakini nilipoicheza filamu, majina ya watoto yanapozunguka juu ya picha ya wachezaji, ikaanza kukwama. Mguu unapanda, unasubiri, unashuka. Wanawake waliokuwa wanacheza vizuri njiani wakawa wanacheza kama wamekanyaga miiba.

Nikatoa ile karatasi ndogo iliyokuwa chini ya boksi, ambayo kaka hakuwahi kuikunjua. Memori ilikuwa mia na ishirini na nane kweli, lakini njia ya kuifikia ilikuwa ya biti sitini na nne. Ya kwangu ilikuwa na memori nusu yake, na njia ya biti mia na ishirini na nane, mara mbili ya ile. Kwa lugha ya kwetu, kaka alikuwa na ghala kubwa lenye mlango wa mtu mmoja. Filamu haihitaji ghala la kuweka vitu mwaka mzima, inahitaji vitu viingie na kutoka upesi.

"Kasi yangu ni kubwa," kaka alisema, akinionyesha megahezi kwenye boksi.

"Kasi ya kukimbilia mlangoni," nikamjibu.

Hata hivyo ningeweza kuvumilia kukwama, kwa kuondoa majina yanayozunguka. Shida yenyewe ilitokea tulipounganisha televisheni. Kadi ya kaka ilikuwa na tundu la duara, lenye vitobo vinne, na televisheni yetu, kama ya kila mtu wa huku, ilikuwa na tundu la njano. Kaka akatoa kishikizo cha kuunganishia alichopewa dukani. Picha ikatokea. Lakini ilikuwa nyeusi na nyeupe.

Nilikaa kwenye kiti nikaitazama ile njia ya Nanganga. Watoto mabegani, sawa. Miavuli, sawa. Mjomba, sawa. Na wanawake wote, wa baba na wa mama, walikuwa wamevaa kanga moja ya kijivu. Mchoro mmoja, maneno mamoja, rangi moja. Nyekundu na kijani zilikuwa zimeliwa zote.

"Si wanaonekana?" kaka alisema. "Watoto wanaonekana, ngoma inaonekana. Weka kwenye kanda upeleke, mgeni anaondoka."

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, na mimi si mtu wa kulia. Nilimwambia kwamba yule mama hakuja kununua ngoma. Ngoma anayo nyumbani. Alikuja kununua kijani. Nikimpelekea kanda hii, upande wa mumewe watatazama, watasema tazameni tulivyojaa, na mwanamke atakaa pale na watu wake mbele ya macho yake hawezi kuwaonyesha kwa kidole. Mjomba atavuka mto arudi, na yeye atabaki na lile neno la kisimani. Nilisema na mengine juu ya maboksi na wasomaji wake, hayo siyaandiki.

Kaka ana shingo ngumu lakini si mtu mbaya. Aliinuka akaanza kuhangaika na nyaya. Akabadilisha kishikizo, akabadilisha waya, akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta akachagua mfumo wa televisheni wa Ulaya badala ya wa Marekani, akafuta programu ya kadi akaiweka upya. Siku ikapita hivyo. Picha ikabaki ya kijivu, maana kosa halikuwa kwenye mipangilio. Lile tundu la duara hupeleka mwanga kwenye waya wake na rangi kwenye waya wake. Tundu la njano linataka vyote kwenye waya mmoja. Kile kishikizo kilikuwa kinapitisha mwanga peke yake, rangi inaachwa mlangoni. Kadi iliyotengenezwa kutoa vyote kwa waya mmoja ina tundu lake la njano, na ukilikosa unalikosa, hata ukiwa na megabaiti za kujaza ndoo.

Chuma chakavu changu kilikuwa nalo, pembeni, limejaa vumbi.

Kesho yake asubuhi nilifungua mashine mwenyewe. Nikaitoa kadi ya kaka nikairudisha kwenye boksi lake, nikasafisha tundu la njano kwa kitambaa na spiriti, nikaichomeka yangu. Kioo kikawaka. Nikaunganisha televisheni kwa waya wa kawaida kabisa, ule wa deki, nikabonyeza. Kijani ikatoka. Nyekundu ikatoka. Majina yakazunguka na wanawake wakacheza bila kusita. Maandishi ya kompyuta hayakuwa makali kama kwenye kadi ya kaka, sikatai, lakini nani anasoma maandishi ya kompyuta Nanganga.

Kaka alikuja nyuma yangu, akaweka kiganja juu ya kasha.

"Inapata joto hiyo," alisema. "Haina feni."

Kwa hilo alisema kweli. Tukafungua ubavu wa kasha, akaisogeza feni ya mezani akaielekeza ndani, akakaa pale mwenyewe kuilinda mpaka filamu yote ilipoingia kwenye kanda. Hakusema nimeshinda. Aliniletea tu chai kwenye kona yangu, na chapati juu yake, nami nikaipokea.

Nilifika Nanganga na kanda siku moja kabla ya mjomba kuondoka. Ilikuwa alasiri. Walikuwa wameziba dirisha la sebule kwa mkeka ili jua lisiingie, jenereta ndogo inanguruma nje, na chumba kimejaa. Upande wa baba walikaa ukutani kwa wingi wao. Wageni wa ng'ambo walikaa karibu na mlango, mjomba na shangazi na wale dada, wachache kweli, wamejibana kama watu ambao hawajui kama wanaruhusiwa kunyoosha miguu. Mbele kabisa, kwenye mkeka peke yake, alikaa mama mkwe, ambaye sikuwa namjua kwa sura mpaka nilipoonyeshwa siku ile. Mteja wangu hakukaa. Alisimama nyuma ya watu wote, ameshika mlango.

Kanda ikaanza. Watoto walipotokea porini watu wakapiga vigelegele. Kisha njia ikafunguka, na rangi zikaja. Msichana mmoja wa upande wa baba, bila kuulizwa, akanyoosha kidole. "Hao kijani ni upande wa mama." Mwingine akasema, "Kumbe walikuja wengi." Wale wageni wa mlangoni wakatazamana. Nilimgeukia mteja wangu. Alikuwa hatabasamu. Alikuwa anatazama kwa makini, midomo inacheza, anawataja watu wake mmoja mmoja kimyakimya.

Akaacha. Akasema, "Dada, rudisha kidogo."

Nikarudisha.

"Hapo. Simamisha."

Katikati ya kijani, mbele ya shangazi, alikuwepo bibi mmoja mfupi aliyeshika mwavuli juu ya kichwa cha mtoto. Nilikuwa nimemwona mara nyingi nikihariri, nikadhani ni mama mkubwa aliyevuka mto na wenzake. Chumba kizima kikageukia mkekani. Ni mama mkwe. Yule pale kwenye kioo, amejifunga kanga ya upande wa mama, ya pili kajitanda, anacheza na watu wa ng'ambo kana kwamba kazaliwa nao. Katika kanda ya kaka yangu angekuwa bibi mmoja wa kijivu kati ya wanawake wa kijivu.

"Lakini mama," mwanamke alisema taratibu, "mlangoni nilikukuta na nyekundu."

"Nilikuwa nazo zote mbili," mama mkwe alijibu, bila kugeuka. "Uani mimi ni mwenyeji, ilibidi nisimame na wa kwetu. Nilipitia nyuma nikabadilisha." Akaonyesha kioo kwa kidole. "Wageni walikuwa wachache, safari ni ndefu. Mjukuu wangu hawezi kupita njiani akiwa na upande mmoja."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema nakuhurumia."

Jenereta ilikuwa bado inanguruma nje. Mwanamke akapita kati ya watu, akiruka miguu yao, akaenda akakaa kwenye ule mkeka wa mbele, bega kwa bega na mama mkwe wake, akalia kwa sauti, na katika chumba kile hakuna aliyemwambia anyamaze.